Kila Mtawala Akiuawa, Nakufa Mimi

Kama gazeti la juma lililopita lilifungiwa karanga kabla hujalisoma, si neno, nitakushika mkono uingie.

Mimi ni Nassibu, mkulima wa korosho katika kijiji cha ujamaa nyuma ya Mchinga, na mwaka ule wa sabini na mbili kazi yangu ya pili ilikuwa kuuawa. Kikundi chetu cha ngoma kilitunga mchezo wa kuigiza wa nyimbo tupu kwa ajili ya sherehe za Saba Saba. Humo, watu waliopata kuua watawala wamekutana ahera na kuambiwa waishi pamoja, kijiji cha ujamaa. Basi wanagombea uenyekiti. Kila mmoja anaimba jinsi alivyomuua mtawala wake, na wafu wenzake wanampigia kura kwa makofi.

Wauaji walikuwa wengi. Mtawala alikuwa mmoja, mimi, kwa sababu kijiji kizima tumbo lilikuwa langu peke yangu. Ni bandama ile iliyovimba, si shibe, lakini ukivaa kanzu nani atajua? Nilikuwa Sultani, nikauawa. Nikawa Akida, nikauawa. Nikawa Waziri wa nchi ya mbali isiyo na jina, nikauawa tena kabla sijafunga vifungo vya koti.

Nilipowaacha, Likwata alikuwa amepakiwa kwenye Landrova ya polisi. Likwata ni kaka wa mke wangu Adija, na ndiye aliyekuwa muuaji wetu hodari. Katibu Tarafa mpya, Ndugu Valentini, alikuja kijijini kujitambulisha, na sisi tulishasikia kwamba anatoka Songea. Kwa sisi Wamwera, mtu wa Songea ni Mngoni, na Mngoni ni mtani wetu tangu babu zake walipokuja kutuchomea vijiji. Mtani unamtukana mchana kweupe. Siku ya msiba wake unaingia kaburini, unalala, na huondoki mpaka wafiwa wakupe chochote. Ukimsalimia kwa adabu atadhani una ugomvi naye.

Basi Likwata alinyanyuka mkutanoni, akamvua Katibu kofia, akaivaa yeye.

"Karibu, Mngoni! Saba Saba tunakuua mbele ya umma. Uje na sanda yako, maana duka la ushirika halina!"

Tulicheka mpaka tukashikana mabega. Katibu hakucheka. Mwaka ule redio ilishatangaza misiba ya viongozi waliouawa kweli, na maofisini neno lile la kuua lilikuwa halitamkwi ovyo. Redio tuliisikia na sisi. Hatukudhani tu kwamba inatuhusu.

Hapo ndipo tulipofika. Sasa twende.

Asubuhi iliyofuata nilifukuzwa nyumbani kwangu mwenyewe.

"Baba Somoe," Adija aliniita. "Kaka yangu yuko wapi?"

"Yuko mahabusu, Mchinga."

"Na wewe uko wapi?"

"Niko hapa."

"Basi umeshajijibu."

Akatoa mkeka wangu, akautandika nje ya mlango, na mto akauweka juu yake vizuri kabisa. Adija hana matusi. Angekuwa nayo ningepata nafuu.

"Huo mchezo aliuingia kwa sababu yako," alisema. "Ulimwambia umechoka kuuawa na watu wasiojua kuua. Haya. Utaingia humu ndani siku atakayoingia yeye. Yeye mbele, wewe nyuma."

Sikubisha, kwa sababu maneno yale niliyasema kweli. Nilivaa kanzu yangu ya Ijumaa nikamfuata mwenyekiti wetu wa kijiji, Mzee Bakary, tukaenda kwa miguu mpaka ofisi ya tarafa.

Njia nzima mzee alikuwa ananifundisha. "Wewe nyamaza. Mambo ya utani yana wenyewe. Nikimweleza mara moja tu, atacheka mwenyewe, atatoa na chai."

Chai haikutolewa. Katibu alimwamkia mzee shikamoo, mzee akaitikia marahaba, na hapo ndipo raha ya siku ile ilipoishia. Katibu alikuwa mtu wa makamo, mpole wa sauti, anatokwa na jasho ingawa ulikuwa msimu wa baridi. Kila baada ya maneno mawili matatu alikuwa akijipapasa mfuko wa kushoto wa shati. Nilidhani analinda kadi ya Chama.

"Ndugu Katibu," Mzee Bakary alianza, "yule bwana alikuwa anakutania tu. Sisi Wamwera na nyinyi Wangoni, toka zamani..."

"Nani amewaambia mimi ni Mngoni?"

Mzee alinitazama. Mimi nikatazama dari.

"Si unatoka Songea, baba?"

"Natoka Songea, upande wa milimani. Mimi Mmatengo."

Wallahi, katika kijiji chetu hakuna aliyewahi kufikiri kwamba Songea kuna mtu mwingine. Nilimwinamia mzee nikamnong'oneza, "Wamatengo je, ni watani zetu?"

"Sijapata kumwona hata mmoja," mzee akanijibu, na masikio yake yakiwa mazito, alijibu kwa sauti ya mnadani.

Katibu alikunja mikono yake juu ya meza.

"Mzee wangu, hebu nisaidie. Hii ni ofisi ya Chama na Serikali. Mtu wenu amenitishia kuniua hadharani. Nyinyi mmekuja kumtetea kwa kuniuliza kabila langu. Hivi hapa tunajenga taifa, au tunajenga nini?"

Tulikuja na kesi moja, tukawa na mbili. Kama yeye si mtani, maneno ya Likwata ni tishio. Na ili tujue kama ni mtani lazima tuulize kabila, na kuulizana makabila ofisini ni kosa kubwa kuliko tishio lenyewe. Nilitamani kukaa chini, lakini hakuna aliyeniambia nikae.

"Na huo mchezo wenu," Katibu aliendelea, "nasikia wauaji wa viongozi wanaimba na kupigiwa makofi. Ni kweli, mwenyekiti?"

"Mimi mchezo wenyewe sijauona," alisema Mzee Bakary.

Huyo ndiye aliyekaa kwenye mazoezi yote akila korosho za kikundi. Huyo ndiye aliyesema Sultani asife haraka, alishwe halua kwanza, atafune, asifie utamu wake, ndipo sumu impate. Nilimtazama, naye akaanza kuvuta uradi.

"Mimi nimeuona," nikasema. "Nimo ndani yake. Mimi ndiye ninayeuawa."

Kwa mara ya kwanza Katibu alinitazama vizuri. Alinitazama tumbo, kisha kipara, kisha akageuza uso dirishani.

"Basi nionyesheni na mimi. Keshokutwa alasiri, hapa hapa uwanjani. Wote, na yule mtu wenu mahabusu acheze nafasi yake. Nikiona ni mchezo, atarudi kwao siku hiyo hiyo. Nikiona ni shauri jingine, anakwenda Lindi, na wewe unayeuawa utakwenda kueleza kwa nini ulikubali."

Nikaenda kuzungumza na Likwata. Koplo aliyekuwa zamu alituacha tuongee kupitia nondo za dirisha. Nilitegemea kumkuta amenyongonyea. Nilimkuta anafundisha mahabusu wenzake kiitikio.

Tulimuua, njaa haikufa,
Tulimuua, kodi haikufa,
Kiti kikapata makalio mengine,
Na sisi tukapata udongo.

"Shemeji, nyamaza!" nilimwambia. "Hayo hayo ndiyo yaliyokufungisha."

"Hayo ndiyo yatakayonitoa. Mtu mzima akiusikia wimbo huu vizuri ataelewa tunawacheka wauaji, hatuwasifu." Kisha akanisogelea kwenye nondo. "Ninayekuogopa ni wewe."

"Mimi?"

"Siku hizi unakufa kivivu. Mkono unautanguliza. Nikikupiga mshale, kabla mwili haujafika chini mkono umeshafika, na watu wanauona."

Alisema kweli. Anayeanguka kwa mchezo, hata awe fundi namna gani, mkono wake hutangulia ardhini. Mwili una akili zake, haukubali kuumia kwa ajili ya ngoma. Nimeanguka sana maishani mwangu, na huo ndio ujuzi pekee nilioupata.

"Nimechoka kufa, Likwata," nikamwambia. Ilikuwa kweli tupu. Kitanda changu sasa kilikuwa mkeka nje ya mlango, na kiuno kilikuwa kinaniuma toka Waziri wa mwisho.

"Kufa hii moja tu, shemeji. Mkono ufiche ndani ya kanzu. Nitoke hapa nikale ugali wa dada yangu."

Siku yenyewe Mchinga yote ilikuja uwanjani. Katibu alitolewa kiti chake cha ofisini, kile chenye mikono, kikawekwa karibu na mkorosho mkubwa ulio mbele ya ofisi. Likwata aliletwa pekupeku, koplo pembeni yake. Adija alikuja pia. Alisimama nyuma ya wote, amekunja mikono, kama mtu aliyekuja kumsindikiza mwingine.

Koplo aliukagua upinde wetu. Mshale ulikuwa bua la mtama lisilo na ncha. Aliunusa.

"Una sumu?"

"Una vumbi, afande," alisema Likwata.

Tukaanza. Martina, mama wa Kimakonde mwenye sauti ya kupasua nazi, ndiye aliyekuwa anaongoza nyimbo. Mimi nikiwa Sultani nililishwa halua, nikatafuna, nikaisifu, nikashika tumbo, nikafa. Kijijini kwetu, hapo watu hugaragara kwa kicheko. Uwanjani siku ile palikuwa kimya. Watu wa Mchinga walikuwa wanamtazama Katibu ili wajue kama inachekesha.

Katibu akainua mkono. Ngoma zikanyamaza.

"Mama, huo wimbo. Kiti gani hicho?"

"Kiti cha Sultani, Ndugu Katibu," alijibu Martina.

"Na hayo makalio mengine ni ya nani?"

"Ya Sultani mwingine, baba. Akifa mmoja anakaa mwingine. Hawa wauaji ni wajinga, wanadhani wameua kiti."

Katibu alifikiri kidogo. "Endeleeni," akasema. Alijipangusa jasho, akajipapasa mfuko wake.

Nilivaa tarbushi nikawa Akida. Katika sehemu hii Likwata ni mtani wa Akida. Anamuua kwa mshale kwa sababu ya kodi, kisha anakuja mazishini kama mtani, analala pembeni ya maiti na kuzuia asizikwe mpaka apewe kitu. Ndio utani wenyewe, ila muuaji ndiye anayedai. Huko kwetu sehemu hii ndiyo inayochekesha kupita zote.

Nilitembea kwa madaha, nikadai kodi ya kichwa, mshale ukanipata. Nilikumbuka maneno ya shemeji. Mkono nikauficha ndani ya kanzu, nikauachia mwili wote. Nilianguka vizuri ajabu. Bega lililia, nikasikia watu wakisema "Aah!" kwa hofu ya kweli.

Nilianguka kwenye njia ya majimoto.

Asiyewajua aulize mtu yeyote mwenye shamba la mikorosho. Ni sisimizi wekundu, wanakaa kwenye majani, na hawana salamu. Wa kwanza aliniuma shingoni. Wa pili alipita ndani ya kanzu, akaenda alikokwenda.

Likwata akaja kulala pembeni yangu, kama mchezo unavyotaka, akilia kilio cha mtani.

"Majimoto wananila," nilimnong'oneza bila kutikisa mdomo.

"Wakule. Ukiinuka mimi nakwenda Lindi."

Nikatulia. Sijui kama umewahi kulala umekufa huku unaliwa. Nilifikiri mkeka wangu nje ya mlango. Nilifikiri Adija na mikono yake ile iliyokunjwa. Sikutikisa hata kidole, lakini machozi hayana mwenyewe. Yalitoka, yakashuka mpaka masikioni.

Martina aliyaona. Mwanamke yule Mungu amjalie. Aliukata wimbo katikati.

"Jamani, maiti analia! Amekumbuka mbuzi wangu aliyemla!"

Mtu mmoja nyuma alishindwa kujizuia, akacheka puani. Halafu nikasikia sauti nisiyoijua, nyembamba, inakwaruza, ya mtu ambaye hajacheka siku nyingi. Nilifumbua jicho kidogo sana. Ilikuwa ya Katibu. Alianza kucheka kwa mabega, kisha kwa shingo, kisha akaacha kabisa kujizuia, na Mchinga yote ikapata ruhusa. Uwanja ulilipuka.

Akainuka kwenye kiti. Akaja mpaka nilipolala, anafuta macho. Akainama, akanivua tarbushi, akaivaa yeye.

"Hata sisi milimani tuna watani!" alisema kwa sauti ya mkutano. "Akida huyu hazikwi! Nani atanipa kitu?"

Vigelegele. Likwata pale pembeni yangu alianza kutetemeka, sijui ni kicheko au kilio. Katibu alipiga goti, mkono mmoja kwenye mfuko wake wa kushoto, akanisogezea mdomo sikioni. Pumzi zake zilikuwa fupi fupi. Kelele zilikuwa nyingi kiasi kwamba hata Likwata hakusikia.

"Usiinuke, maiti," alininong'oneza. "Shemeji yako leo alale kwao. Wimbo ukiisha nitatangaza. Nimeelewa."

Nilitaka kuruka nipige kelele. Lakini amesema nisiinuke, na ubeti ulibaki mmoja, na mimi sikutaka kuharibu kitu cha mwisho kwa haraka zangu. Nikasema moyoni, wimbo utaisha, atasema mwenyewe, itapendeza zaidi ikitoka kinywani mwake. Nikamsikia akirudi kwenye kiti chake, nikafumba macho. Majimoto waliendelea, lakini sasa niliwaachia kwa roho safi.

Likwata aliinuka kuimba ubeti wa mwisho. Penye maneno "kiti kikapata makalio mengine" yeye huelekeza upinde mtupu kwenye kiti na kuuvuta kamba ilie. Ndivyo tulivyozoea, na kiti chetu cha mazoezi siku zote hakikuwa na mtu.

Kamba ililia. Nikasikia kishindo.

Halafu makofi, makubwa kuliko yote. "Ameanguka! Katibu naye ameuawa!" watu walishangilia. Mzee Bakary, ambaye mchezo huu hajapata kuuona, alikuwa amesimama juu ya benchi. "Nilisema mimi! Huyu mtani wetu kabisa!"

Tarbushi ilibingirika ikaja ikagota usoni pangu. Nikafumbua macho yote mawili.

Ndugu Valentini alikuwa amelala kifudifudi mbele ya kiti chake. Mikono yote miwili ilikuwa imebaki kifuani, chini ya mwili. Hakutanguliza mkono.

"Si mchezo!" nilipiga kelele, nikainuka. "Mgeuzeni! Si mchezo ule!"

Waliokuwa karibu wakanicheka. Maiti wa kanzu, majimoto shingoni, anapayuka. Koplo ndiye aliyekwenda. Alimgeuza, akamfungua shati, akaweka sikio kifuani kusikiliza moyo. Alipoinua uso makofi yalikatika kuanzia mbele, ila nyuma bado walikuwa wanapiga. Aliita wenzake walete Landrova. Kisha akamtazama Likwata, aliyekuwa bado ameushika upinde umeelekea kwenye kiti.

"Weka chini hicho."

Likwata aliweka. Walimshika huku na huku, na safari hii walimfunga kamba. Alinitazama mimi tu.

"Afande, amemsamehe!" nilisema. Nilimshika koplo mkono. "Katibu amemsamehe. Amesema Likwata alale kwao leo. Alikuwa anangoja wimbo uishe atangaze."

"Amemwambia nani?"

"Mimi."

"Nani mwingine amesikia?"

Nilimtazama Martina, akatikisa kichwa. Mzee Bakary alikuwa ameshateremka kwenye benchi na simwoni. Watu wakampisha Adija apite mbele. Mikono yake haikuwa imekunjwa tena.

"Amekuambia saa ngapi?" koplo aliuliza.

"Sasa hivi, alipopiga goti."

"Na wewe ulipoambiwa kwa nini hukusema?"

Adija alisogea mpaka karibu, asikie jibu langu.

"Nilikuwa nimekufa, afande," nikasema.